Miguu ya Mbio Fupi

Ukoo mzima ulimwita Mvivu, na laiti dunia hii ingekuwa na haki hata chembe, jina hilo lingewachoma midomo. Dobi mzima, anasimama kutwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli akipiga pasi mashuka mpaka miguu inavimba, halafu siku yake ya mapumziko anakwenda kumkanda mjomba wake aliyepooza upande mmoja. Mvivu gani huyo? Lakini watu wakishakubandika jina, nani atalibandua?

Usichanani mwake hakuna aliyemweza kwa mita mia. Wavulana walimcheka pale mstarini, na kabla hawajamaliza kucheka walikuwa wanakula vumbi lake. Mjomba, kocha wa klabu ya riadha, akamchukua kwa mama yake akiapa atamtoa kimaisha. Kumbe anampeleka kwenye mbio ndefu! Kila alfajiri milima, kila alfajiri lami isiyoisha. Akifika katikati mapaja yanawaka moto, magoti yanalegea, anatapika kando ya barabara.

"Acha kudeka!" mjomba anafoka. "Kaza roho!"

Akakaza, masikini. Siku ya mchujo wa timu ya kwenda ng'ambo aliongoza mizunguko ya mwanzo, kisha miguu ikagoma, akapitwa na kila mtu. Mjomba akatangaza mbele ya ndugu wote: "Kipaji anacho. Uvivu ndio umemmaliza." Mama yake alikufa akiamini hivyo. Hilo ndilo linalomuuma dobi mpaka leo.

Mjomba alipopata kiharusi, dobi ndiye aliyempeleka hospitali kwa mazoezi. Wana wa mzee mwenyewe walikuwa na shughuli, si unajua tena. Mtaalamu wa viungo, mama mmoja mcheshi, aliushika ule mguu uliosinyaa akawaeleza kwamba msuli una nyuzi za aina mbili hasa.

"Kuku mmekula, sivyo? Paja lina nyama nyeusi, kidari cheupe. Paja linafanya kazi kutwa, kusimama na kutembea; nyuzi zake ni za polepole, hazichoki upesi. Kidari ni cha kurukia ghafla. Nyuzi za kasi, nguvu tele, lakini zinaishiwa mapema. Sisi binadamu tunazo zote zimechanganyika, ila mafungu hayalingani. Mwingine kazaliwa na nyingi za hizi, mwingine za zile."

"Na mwenye nyingi za kasi ukimkimbiza masafa marefu?" dobi akauliza.

"Ataboreka kiasi, mazoezi yanasaidia. Lakini umfanye bingwa? Utamtesa bure, dada yangu."

Dobi akamgeukia mjomba. Mzee hakushangaa hata kidogo. Alikuwa anatazama kucha zake.

Nyumbani alimlaza kitandani, akapaka mafuta mikononi, akaanza kumkanda. Akashindwa kuvumilia.

"Mjomba, ulikuwa unajua?"

Mzee akasema, "Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Sasa kwa nini?"

"Timu ya mbio ndefu ndiyo iliyokuwa inasafiri na kocha wake. Wa mbio fupi walikuwa na kocha wao tayari. Na mimi sikuwa na mwanariadha mwingine. Nilitaka kupanda ndege, mwanangu. Mara moja tu."

Jamani! Ujana wa mtu, kwa ajili ya kiti cha ndege, na chenyewe asikipate! Dobi alitamani kumzaba kofi, kiharusi au si kiharusi. Badala yake akasema, "Basi sema mbele ya wanao kwamba sikuwa mvivu. Sitaki kingine." Mzee akatikisa kichwa kukubali.

Mke wa mjomba akaingia na chai, wanawe wawili nyuma yake.

"Haya mjomba, waambie," dobi akasema.

Mzee akawatazama wanawe, waliokuwa wamejaa mlangoni wakimsubiri baba yao aseme. Akalamba midomo.

"Nilikuwa namkumbusha zile mbio," akasema. "Angevumilia kidogo tu, angefika mbali."

"Aa, hiyo tunaijua!" wakacheka wanawe.

Dobi akainuka, akajifuta mafuta kwenye gauni lake, akatoka bila kuaga. Machozi ya hasira yalimjaa. Nyuma yake alimsikia mke wa mjomba akilalama kwamba mguu wa pili bado haujakandwa.