Maua ya Mama Kwenye Karai

Nilinunua ile miche ya maua sokoni Daraja Mbili kwa sababu muuzaji alinichosha kwa maneno. Ilikuwa mimea mifupi tu, yenye vijani vinene vilivyojaa maji. "Panda juani, utakuja kunishukuru," aliniambia. Nikaipanda kwenye karai kuukuu mlangoni pa Mama, kule kwetu Ikonge, mahali anapoota jua asubuhi tangu miguu ilipomkataza kwenda kuchuma majani chai.

Wiki chache baadaye, jioni, Mama akaniambia, "Maua yako yamechanua leo. Mekundu, manjano, mengine rangi ya chungwa." Nikaenda kutazama. Hapakuwa na ua hata moja, vitumba tu vimefumba kabisa. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Mimi hutoka alfajiri kwenda kazini mjini Kisii, hata Jumapili, na nikirudi mvua ya alasiri imeshapiga, Mama yuko jikoni anaota moto. Sabato nashinda kanisani.

"Mama, hakuna maua."

"Yapo."

"Hakuna!"

Mimi si mtu wa subira. Tulibishana hivyo mpaka nikaanza kuogopa. Mama huyu anaujua kila mgomba shambani mwake; leo anaona vitu ambavyo havipo? Nililala na swali hilo, nikaamka nalo. Kisha ghafla akaacha kuyataja, nami nikachanganyikiwa zaidi. Amepona, au hata hayo ameshayasahau?

Nikaomba ruhusa kazini nimpeleke kwa daktari wa akili. Siku ya kwenda, saa nne asubuhi, jua likiwaka, nikatoka kumwita.

Karai lilikuwa limejaa maua. Yamefunguka yote, rangi zinaumiza macho, nyuki wanayagombania. Nilipigwa na butwaa. Yalikuwa wapi siku zote hizo? Jirani aliyekuwa akipita alinicheka: "Hayo hufunguka jua likiwa kali tu. Likipungua, yanajifunga." Jambo dogo kiasi hicho! Sikujua nicheke au nilie.

"Mama, tazama! Yapo!"

Alikuwa ameketi kando ya karai, amevaa gauni lake la kanisani, mkoba mapajani. Hakugeuza hata shingo.

"Hakuna maua hapo, mwanangu," alisema kwa upole. "Nimeshaelewa ulichokuwa ukiniambia. Hata daktari nitamwambia hivyo hivyo."