Vibuyu vya Cheptanui

Kule Olenguruone, ambako ukungu hulala na ng'ombe na kuamka nao, Cheptanui alijulikana kwa vibuyu vyake. Alivisugua ndani kwa kijiti cha mti wa senetwet chenye makaa, akatia maziwa, akayaacha yalale. Yalipotoka yalikuwa mazito, ya kijivu, na moshi wake ulimfanya mnywaji afumbe macho.

Mwaka wa hamsini na moja alikatwa titi hospitalini Nakuru kwa ajili ya kansa, akapona. Mwaka wa hamsini na sita uvimbe ukamtokea shingoni.

"Ule ugonjwa umepanda," majirani walinong'ona.

Naye akaamini. Ndotoni aliuona ukitambaa polepole kutoka kifuani, kama jongoo. Basi akafanya alivyofanya mama yake alipojua anaondoka duniani: akawagawia binti zake vibuyu. Kile kikubwa chenye shanga akampa Chelangat, kifungua mimba wake. Ndipo akakubali kupelekwa Nakuru.

Daktari alikata kipande cha uvimbe, kikaenda Nairobi kutazamwa kwa darubini. Cheptanui akangoja kando ya dirisha. Kule chini ziwa lilikuwa limejifunika ndege heroe, waridi tupu, na kila aliposinzia aliona vibuyu vyake vikielea majini, kila kimoja kikimtafuta mwenyewe.

Jibu lilipofika, nesi Truphosa alimweleza. "Mama, hii si ile ya titi. Ile haijarudi. Hii ni kansa nyingine, imezaliwa hapo hapo shingoni."

"Mbili? Kwa mtu mmoja?"

"Mbili, kila moja na mzizi wake."

"Sasa hiyo ni habari njema au ni matusi?"

Truphosa akacheka. "Njema, mama. Ile ingekuwa imetembea, nani angejua imefika wapi tena? Hii haijatoka hapo. Daktari ataing'oa."

Cheptanui akawaza maziwa ya vibuyu viwili vilivyofukizwa kwa miti tofauti. Kwa macho ni yale yale, mpaka uonje. Kumbe Nairobi walikuwa wameonja.

Pareto ilipochanua alirudi, kitambaa shingoni, moja kwa moja hadi kwa Chelangat.

"Kibuyu changu."

"Mama! Si ulinigawia?"

"Aliyekugawia alikuwa anakufa. Mimi sikumbuki kukupa kitu."

Chelangat akakileta huku anacheka na kufuta machozi. Cheptanui akafungua kifuniko, akanusa, akakunja uso.

"Umekisugua kwa mti gani, wewe?"

"Wowote tu. Hukuwahi kunionyesha."

Kweli, hakuwahi. Cheptanui akavuta kigoda, akaketi.

"Haya, lete moto."