Vitufe vya Shemeji

Jirani yetu Mama Pacha ndiye aliyenipasha habari tukianika nguo: "Huyo shemeji yako anaiba kwenye kompyuta za watu. Kijana mzima hatoki, haajiriwi, kutwa anagonga tu. Siku akikamatwa mtabebwa wote."

Shemeji, mdogo wake mume wangu, anaishi sebuleni kwetu, na kuiba hajui. Yeye na watu wa mbali asiowajua hata sura wanatengeneza programu ya kuandikia. Wanaigawa bure, na anayejua anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Inaingia kwenye kompyuta za kila aina. Yeye anashughulikia aina tuliyo nayo dukani ninakochapa karatasi za watu: anataka ikae humo kama mwenyeji, sio mgeni aliyekuja na kiti chake.

Ila mdomo wake! Ukimwuliza jambo anajibu macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta. Hata mwanangu akimtambalia miguuni, anamsogeza kwa kisigino.

Zamani, ukiifunga programu ile, kitufe cha kuhifadhi kilikuwa kushoto. Programu nyingine zote za dukani zinakiweka kulia. Mkono wangu ulishajua: zile kulia, hii kushoto. Shemeji akakihamishia kulia, ifanane na zile nyingine; kushoto kikaja cha kufunga bila kuhifadhi. Leo nikabonyeza kushoto kama kawaida, mtihani wote niliokuwa namchapia mwalimu mkuu ukapotea. Mwenye duka alinitukana mbele ya wateja. Akasema kesho nirudishe programu ya zamani, nikishindwa nibaki kwetu nilee.

Nilifika nyumbani mtoto mgongoni, hata viatu sikuvua.

"Shemeji, umeniharibia kazi! Bosi anataka kesho nirudishe ile ya zamani!"

"Huna macho? Si imeandikwa?"

"Nani anasoma mlango wa chumba chake mwenyewe?"

"Chumba chako kilijengwa kombo. Nimekinyoosha."

"Umekinyoosha na mimi nimo ndani!"

Alicheka kwa pua, akanigeuzia kompyuta. "Soma ufurahi. Foleni ni ndefu, pita nyuma."

Yalikuwa matusi ya watumiaji. Mmoja kamwita punda. Mwingine kamwombea mikono ipooze. Chini kabisa, wale wenzake wameandika kwa adabu ya baridi: watu wakizidi kurudi kwenye ile ya zamani, watayaondoa marekebisho yake yote.

"Yote?" niliuliza.

"Yote. Nilianza kabla hujaolewa humu."

Nikaona kucha zake: amezitafuna mpaka nyama. Mtoto alianza kulia, nikamshusha na kumnyonyesha palepale. Hasira haikunitoka. Ningemwambia nini mwenye duka, kwamba mtihani umepotea ili vitufe vifanane?

"Shemeji," aliniita, safari hii akinitazama usoni. "Kesho hiyo ya zamani usiirudishe. Mdanganye bosi wako, mwambie imegoma. Nipe wiki moja tu, mkono utazoea."