Gitaa la Kano la Ng'ombe

Gitaa lile lilianza kwa kunichukulia mtumbwi wangu wa kukamulia ndizi. Naanzia hapo kwa makusudi. Wajukuu wangu wakisimulia habari za babu yao na gitaa la umeme wanaanzia siku ya harusi, watu wanaruka, utafikiri lile dude lilidondoka uani limeshafungwa nyuzi. Halikudondoka. Lilichongwa mlangoni kwangu, kwa vitu vyangu, na mimi ndiye niliyekuwa nafagia takataka zake.

Mtumbwi ulikuwa na ufa upande mmoja, sikatai. Lakini rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa bado inakamuliwa humo, ufa nauziba kwa udongo na maganda, mambo yanakwenda. Siku moja natoka shambani nakuta umekatwa. Nusu imelala kama mzoga, nusu nyingine mume wangu kaikalia anaichonga kwa tezo.

"Huo si mtumbwi wangu?"

"Ulikuwa."

"Na harusi tutakunywa maji?"

"Tutaazima kwa jirani," akasema, hata kichwa hakuinua. "Mbao hii imekunywa pombe miaka yote, imekauka vizuri. Hutapata nyingine kama hii Karagwe yote."

Kukauka kweli ilikauka. Ila harufu haikutoka, na sisimizi wakajua. Tangu siku ile, popote gitaa lilipowekwa, mstari wa sisimizi ulilifuata, mpaka kitandani.

Lazima niseme kwa nini nilivumilia. Baba mkwe wangu alikuwa mpiga nanga. Kwa asiyeijua, nanga ni ubao mrefu uliochongwa kama sinia, na juu yake uzi mmoja unakwenda na kurudi, uzi wa kano, ule mshipa mgumu wa ng'ombe unaosokotwa ukiwa mbichi. Mzee alikuwa akipiga na kuimba habari za watu, nani alihama, nani alirudi, na wanaume wazima wanafuta machozi. Basi kulikuwa na harusi huko Rugu, mimi bado bibi harusi mpya katika ukoo ule, mzee akaitwa apige. Mwenye harusi alikuwa ameazima santuri. Mzee kafika katikati ya wimbo, kijana mmoja mpumbavu akaiwasha. Watu wakainuka mmoja mmoja wakaenda upande wa santuri. Mzee akamaliza wimbo wake wote, anasikilizwa na mimi na mume wangu na mbwa, akafuta nanga kwa mkono, akaenda nyumbani. Hakupiga tena mbele za watu mpaka tunamzika.

Nanga ikabaki ghalani, mchwa wakala ubao. Kano halikuliwa. Mume wangu akalikunja kwenye jani kavu la mgomba akalichomeka darini, na nyumba ikavuja, ikaezekwa upya, kano likahamishwa kila mara kama mtoto mchanga.

Binti yetu alipoposwa na watu wa Bweranyange, wafugaji, watu wa kuringia ng'ombe, mume wangu akaropoka mbele ya washenga wao. Kibuyu kilikuwa kimeshazunguka. "Siku mnakuja kumchukua binti," akasema, "mtamsikia baba yangu. Kwenye umeme. Hata ng'ombe wenu huko machungani watamsikia." Washenga wakapiga makofi. Mimi nikaangalia chini. Umeme gani? Wilaya nzima tulikuwa tunamulika kwa kibatari.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Uganda, sabuni ni ya kuotea, betri ya redio ukiipata unaifunga kwenye pindo la kanga. Yeye akaenda kwa fundi redio pale senta. Fundi akamchorea chini kwa kijiti: hapa sumaku, hapa waya mwembamba umeizunguka, juu yake nyuzi zinatikisika, halafu waya unaingia kwenye redio, na redio inatoa sauti. Rahisi hivyo. Sumaku akaitoa kwenye spika mbovu. Ule waya mwembamba kama unywele akaufumua ndani ya dainamo ya baiskeli. Spoku akazikata vipande akazipachika shingoni mwa gitaa, pale vidole vinapobana. Redio iliyochomekwa ni yangu. Niliinunua kwa kahawa ya shamba nililolilima mwenyewe, na kwayo nilikuwa nasikia kwaya Jumapili na matangazo ya vifo. Kuanzia hapo nani kafa nikawa naambiwa kisimani.

Kazi ya kuzungusha ule waya ilikuwa ya kuua mtu. Anazungusha, unakatika, anatukana, anaunga, anaanza upya. Ukipita karibu: "Usitembee!" Ukikohoa: "Usikohoe!" Kuku akipita, kosa langu. Nilikuwa naandaa harusi, nina unga wa kusaga, nina binti analia kila jioni kwa sababu ya kwenda kuishi na watu wa maziwa, na mwanaume wangu kakaa kwenye kigoda na unywele wa shaba mkononi.

Hatimaye akalifunga nyuzi. Akalitoa kano darini, akaliloweka, akalikata, akalivuta kwa heshima kama anamvisha mtu. Betri zilikuwa zimeanikwa juu ya bati tangu asubuhi zipate nguvu kidogo. Akawasha redio. Ikaunguruma shhhh. Akapiga.

Hakuna.

Akapiga kwa nguvu. Ukiwa karibu ulisikia tuk, tuk, kama mtu anapapasa kikapu. Redio yenyewe shhhh tu.

Akafungua, akafunga. Akaongeza waya. Akageuza sumaku juu chini. Akapaka kano samli. Akalipaka maji ya chumvi, nani kamwambia sijui. Juma likaisha na jingine likaingia, redio shhhh, betri zinakwisha kwa kunguruma bure. Nilipomwambia arudi kwa fundi aulize, alinijibu kwamba fundi ni mropokaji, senta nzima itajua gitaa ni bubu. Basi akae na bubu wake.

Siku moja alikuwa amelilaza mkekani, redio iko wazi, yeye kaenda kuchungulia betri nyingine kwenye bati. Mimi namenya ndizi pembeni. Sisimizi wakaacha gitaa wakaja kwenye ndizi zangu. Hapo nikafika mwisho. Nikasema, lidude hili, nikainama na kisu kile kile nikaigonga ile sumaku kwa ncha.

Redio ikalia DOH!

Kuku waliruka. Mume wangu nusura aanguke kwenye ngazi.

"Umefanya nini?"

"Nimegonga."

"Gonga tena."

Nikagonga. Doh! Nikapitisha kisu juu juu bila kugusa, redio ikaguna. Nikachukua mwiko, nikagonga kwa mti. Kimya. Nikavuta kano. Kimya. Nikarudia kisu: doh.

"Baba watoto," nikasema, "linasikia chuma. Ng'ombe halisikii."

Alishuka ngazi polepole. Nilidhani atafurahi. Alikichukua kisu mkononi mwangu, akajaribu mwenyewe, kisha akakirudisha kwenye ndizi, akazima redio.

"Funga waya," nikamwambia. "Waya wa breki. Wapiga magitaa wote wanafunga waya."

"Nikifunga waya, hapo atapiga nani?"

"Si wewe."

"Mimi wanitakie nini mimi? Nimesema watamsikia baba."

"Baba yako hasikiki kwenye hii kitu, waitu! Hata fundi hakukwambia kano. Nani duniani anafunga umeme na mshipa wa ng'ombe? Ni wewe peke yako!"

Akaondoka akaenda migombani. Fundi hakuwa na kosa lolote, alisema nyuzi, na kwa fundi nyuzi ni waya. Kwa mtoto wa mpiga nanga nyuzi ni kano. Hakuna aliyeona haja ya kuuliza, na mimi ndiye niliyekosa redio kwa ajili hiyo.

Siku ya kumtoa binti ilipofika, wakwe walikuja na majoho na fimbo zao, wameng'aa samli. Gitaa lilikuwa limeegeshwa ukutani. Mzee mmoja wao, baba yake bwana harusi, akalizunguka, akalinusa.

"Bwana mkwe, hiki ndicho? Mbona kinanuka rubisi?"

"Kimebatizwa kwa rubisi," mume wangu akajibu, lakini uso umekauka.

"Na hawa sisimizi ndio waimbaji?"

Wakacheka wote. Mimi nikaingia ndani. Nilikuwa na hasira na wale wafugaji, lakini hasira kubwa nilikuwa nayo kwake. Baiskeli ilikuwa nyuma ya nyumba. Ilikuwa ya breki za waya, si zile za vyuma, na ndiyo niliyokuwa nashukia nayo mteremko wa kwenda Ndama na mikungu ya ndizi. Nikachukua koleo nikachomoa waya wa breki, mbele na nyuma. Nikaufumua, nikamtupia mapajani pale alipojificha jikoni anajifanya anatazama moto.

"Funga."

Akauinua. "Wa baiskeli?"

"Funga kabla sijabadilisha mawazo nikakunyonga nao."

Akafunga. Lakini huyu mtu! Alifunga waya nyuzi tatu, zile za chini. Tatu za juu akaziacha kano.

"Ondoa na hizo."

"Hizi hapana. Hizi zinakaa."

"Zitakuwa bubu!"

"Zitakaa."

Akatoka. Redio ikawekwa juu ya pipa. Akapiga, na kweli likalia, sauti nyembamba kali kama mbuzi, uani pote, mpaka barabarani watu wakasimama. Vijana wakaruka. Lakini mume wangu hakupiga wimbo wa nyuzi tatu. Alipiga wimbo mzima wa baba yake, vidole vinapita kwenye waya, vinapita kwenye kano, na kila vikifika kwenye kano, redio inanyamaza. Wimbo ukatoka na matundu. Unasikia neno, halafu shimo, halafu neno.

"Gitaa lako lina mapengo, bwana mkwe!" yule mzee akapiga kelele, watu wakaangua kicheko, wakaendelea kucheza kwenye matundu hayo hayo. Binti yangu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilitamani nimpige mume wangu na mwiko. Tungekuwa na wimbo mzima! Waya ulikuwepo, umebaki jikoni.

Betri zikaanza kuchoka, sauti ikafifia. Nikaenda na betri za akiba, nikainama kwenye pipa, kichwa changu karibu na mkono wake. Hapo ndipo nikazisikia. Chini ya kelele zote, zile nyuzi za juu zilikuwa zinaita, taratibu, kavu, vile vile zilivyoita Rugu siku ile. Hakuruka hata moja.

"Wamemsikia?" akaniuliza bila kunitazama.

"Hawajamsikia."

"Na wewe?"

"Mimi nimemsikia."

"Basi tia betri."

Nikatia. Akapiga mpaka wakwe wakaondoka na binti.

Zile nyuzi za kano hazijaondolewa mpaka leo. Gitaa linaning'inia sebuleni, yeye hapigi tena, viganja vimekakamaa, na wajukuu kila likizo wanataka kulifunga waya wote lilie vizuri. Nawaambia wamuulize mwenyewe, yupo hapo nje. Wanakwenda, wanarudi wamenuna. Hizo zinakaa, kawaambia. Na mimi miaka yote ile mteremko wa Ndama niliushuka nafunga breki kwa kisigino cha mguu, maana waya mwingine wa baiskeli hakuununua.