Mtoto Si Shahidi wa Darasa

Hapana, Mwalimu Wafula, hapo sikubali. Ati Uislamu afundishe Mwislamu tu, kwamba wewe Mkristo wa kutoka Kenya huwezi kujua kitu? Mwalimu wa jiografia anafundisha jangwa na hajawahi kulala huko hata siku moja. Leo kwenye semina sikupata nguvu ya kukujibu, kwa hivyo najibu hapa, na naanzia mbali, siku ya kwanza ya hii kazi.

Nilikuwa nimetoka tu sekondari. Ofisi ilikuwa chumba kimoja Katwe, hapa Kampala, juu ya mafundi wa vyuma. Kazi yetu ni kusaidia walimu wa shule waelewe Uislamu wa siku hizi, ule wanaouona mtaani na kuusikia redioni, ndio waufundishe bila uoga. Mkubwa wetu, Mratibu, tulimwita Hajati. Aliniuliza dini.

"Baba ni Mwislamu wa Arua, askari wa kambi ya Mbuya. Mama ni Mkatoliki. Mimi nasali na mama."

"Sawa, binti wa afande. Leo utabeba kuku."

Nilidhani ni wa chakula cha mchana. Kumbe ndiye alikuwa andalio la somo, yaani ile mipango mwalimu anaandika kabla ya kuingia darasani. Hajati alinisimamisha mbele ya walimu, kuku mzima mkononi, akauliza: "Nani atachinja?"

Wote wakageukia Mwalimu Idi, Mwislamu pekee mle ndani. Kampala nani hajui? Mwislamu achinje, ndio wageni wote wale. Hata kuku wa Krismasi kwetu anachinjwa na baba.

"Banange, jamani, msiniangalie," Idi akasema. "Mimi nikiona damu naanguka."

Watu walicheka mpaka kuku akapiga mabawa. Hajati alingoja wamalize.

"Mnaona? Sijafungua hata kitabu, na mnajua watu wa dini mbili wanakula vipi sahani moja. Hiyo fundisheni. Lakini pia mmemtwika mtu mmoja Waislamu wote wa dunia. Na watoto mnawafanya hivyo hivyo. Mtoto si shahidi wa darasa."

Chini mafundi walikuwa wanagonga vyuma na mimi sikusikia kitu, mwili wote ulisisimka. Sikujua kama mtu anaweza kufundisha hivyo.

Nilimfuata miaka mitatu, shule kwa shule, na kila mara nilisisimka upya. Kitu kimoja tu sikujifunza: kungoja.

Mwezi uliopita, semina ya Mbuya, mvua ilimchelewesha Hajati. Nikakalia kiti chake. Wafula, anayefundisha darasa la sita huko Ggaba, akauliza afanye nini mtoto akiuliza jambo la Uislamu asilolijua. Jibu la Hajati nilikuwa nalo kichwani: sema hujui, katafute, rudi kesho. Lakini nilitaka tumalize haraka.

"Uliza watoto Waislamu walio darasani," nikasema. "Wao wanajua."

Leo, semina ya mwisho ya Hajati kabla hajastaafu, Wafula akasimama.

"Madam, nilifanya vile ulisema. Redio ilitangaza mambo ya bomu, watoto wakauliza mbona Waislamu wako hivyo. Nikamsimamisha Sauda, yeye ni Mwislamu, ajibu. Alisimama kimya mpaka kengele. Hii ni wiki ya pili haji shule. Mimi nimeshindwa, mleteni sheikh."

Nilimwangalia Hajati aniokoe. Yeye alingoja mpaka walimu walipotoka.

"Binti, mimi nimeharibu mara nyingi," akasema, anavaa viatu. "Kila mara nilirudi kutengeneza. Kazi ndiyo hiyo, ingine ni hadithi. Mimi nimestaafu saa kumi. Hili ni lako."

"Nimuulize nini huyo mtoto?"

"Usimuulize kitu. Ameulizwa ya kutosha."

Akashuka ngazi polepole, na mimi nikabaki nimesimama kama ile siku ya kwanza.

Wafula alikuwa bado nje. Nikamwambia kosa ni langu. Akakuna kichwa. "Letu, madam. Mimi ndiye nilimsimamisha."

Kesho asubuhi, kabla soko la Ggaba halijachangamka, sisi wawili tutakuwa kwenye meza ya mama Sauda, anapouzia samaki, na nitamwambia nani alitoa lile jibu. Akimruhusu mtoto arudi, nitaingia darasani pamoja nao. Sauda atakaa chini kama wenzake. Swali la bomu tutasimama kulijibu mimi na Wafula, Wakristo wawili, na tusilolijua tutasema hatujui.