Mwandiko wa Karani wa Masjala

Karani wa masjala hapa ofisini ana mwandiko uliowahi kumfanya mtu aliyenyimwa likizo aseme asante. Kabla ya kuandika hunawa mikono kama daktari wa upasuaji, hujaribu kalamu kwenye ukucha wa kidole gumba, kisha hukohoa mara moja, kana kwamba herufi zinahitaji kushtuliwa. Kadi zote za harusi, za pole na za kustaafu hupita kwake, nasi tunatia sahihi chini kama watu wa maana.

Mwezi uliopita dereva wetu, ambaye mkewe alikuwa amerudi kwao kwa hasira, alimwomba amwandikie barua ya kuomba radhi. Ikatoka nzuri kama cheti. Kesho yake dereva akairudisha.

"Kaka, kaikataa. Anasema mimi naandika kama kuku aliyekanyaga wino, sasa huyu mwenye herufi za maua ndiye aliyemkosea? Anataka mkono wangu, na mimi maneno sina."

Karani aliipokea barua yake kama aliyefiwa. Kisha akaomba fomu ya safari aliyoijaza dereva, akaikazia macho, akahamishia kalamu mkono wa kushoto na kuandika barua mbaya kupindukia, mistari ikipanda mlima, na doa la wino mwishoni.

Mke alirudi Jumamosi. Dereva alipokuja kushukuru, karani alifunga mlango kwanza, asijue kwamba nilikuwa nyuma ya kabati la mafaili.

"Shemeji akijua, tutamwomba radhi," alinong'ona. "Ila hawa wa hapa ofisini, nakusihi, wasijue kabisa kwamba ile niliandika mimi."