Wakwe Walikuja Ijumaa, Nami Sikuchinja Kuku

Msomaji mmoja wa Tabora ametuletea haya. Jina lake tunalo, halitatoka kwetu.

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu wasomaji. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, Mkatoliki, nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne. Tunaishi Kipalapala, shamba letu si mbali na seminari. Mume wangu anafanya kazi reli, na Jumapili padre asipofika kigangoni yeye ndiye anayesalisha. Tumebaki na binti mmoja nyumbani. Naandika kwa ajili yake, na nina uchungu, mnisamehe nikiwa mkali.

Mjue kwanza kwamba napenda kupika. Mboga zangu nauza mjini, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba nachungulia chungu. Mama mmoja wa Kihindi alinifundisha kupika dengu kwa bizari, tangawizi na samli. Mimi dengu sina, nikatumia choroko; samli nikaiacha, nikakaanga kwa mafuta ya karanga. Bibi mmoja wa Kiarabu alinionyesha biringanya linavyochomwa mpaka ganda liungue, kisha likapondwa na ufuta. Nikaponda na karanga. Sista mmoja Mzungu alinipa supu ya boga ya kwao, akanikataza pilipili, nami nikaitia. Mume wangu alikuwa anakula huku akijisifu kwa wenzake wa reli, "Mimi nakula Bara Hindi na Maskati bila tiketi."

Basi akatokea mchumba wa binti yetu, kijana wa Sikonge, Mmoravian, seremala, mpole sana. Alikubali ndoa ifungwe kanisani kwetu, jambo lililowauma wazee wake. Mshenga akatuonya mapema: "Mama, siku ya posa habari ya dini msiiguse kabisa. Mkiigusa tu, baba yake ananyanyuka." Tukaahidi.

Wakaja Ijumaa, maana ndiyo siku lori la Sikonge linaingia Tabora. Sisi Wakatoliki Ijumaa hatuli nyama. Nikasema moyoni, siwezi kuwapa wakwe mboga ya kuchemsha. Nilianza kupika kabla hakujapambazuka: choroko za bizari, biringanya la karanga, supu ya boga, uyoga wa kukausha, na kisamvu nilichotwanga mpaka mkono ukafa ganzi. Kuku unamtia chunguni anaiva mwenyewe. Hivi vyote vilitaka mkono wangu.

Baba wa kijana akafunua bakuli la kwanza, akalifunika. Akafunua la pili. Wakati huohuo kuku wangu walikuwa wanapita mlangoni, wamenona.

"Ndugu yangu," akamwambia mume wangu, "kuku wako wanaumwa?"

"Hapana, wazima."

"Basi wana kazi."

Shangazi wa kijana, aliyekaa na sisi wanawake kwenye mkeka wa pili, akadakia, "Labda wao ndio wenye nyumba. Sisi tumewekewa chakula chao."

Wakacheka, lakini si kicheko cha furaha. Mimi neno nilikuwa nalo mdomoni, nikamtazama mume wangu alitoe yeye. Akala kichwa chini. Kwetu Unyamwezi posa bila kuku ni jibu. Ni kumwambia mgeni rudi kwenu, hatukutaki. Nililijua hilo. Nilidhani wingi wa vyakula utasema vingine. Wakaonja kidogo, wakanawa, wakabeba tena jembe la posa walilokuja nalo. Mahari haikutajwa.

Walipokwisha kuondoka mume wangu akaniambia, "Umewafukuza kwa majani."

Mimi? Na nani, nikamuuliza, alikaa anatafuna bila kusema leo ni siku yetu ya kujinyima?

"Tuliahidi kunyamaza," akasema.

Kwa hiyo ahadi ni ya wote, lawama ni yangu peke yangu.

Mshenga akaenda kuwaeleza mambo yalivyokuwa. Akarudi na jibu la mzee: "Kumbe. Waambie nitarudi mara moja tu, baada ya mavuno, Ijumaa hiyohiyo ya lori. Nataka kuona kama kuku wao nao wamebatizwa." Nikaomba siku ibadilishwe, mshenga akasema nisithubutu, mzee ameitaka Ijumaa makusudi.

Nikamwendea padre. Alisema wageni si wa kanisa letu, wanaweza kula, sisi tusile. Lakini padre hajui kwetu mwenye nyumba ndiye anayemega wa kwanza, wageni waone chakula ni salama. Mume wangu asipogusa kuku, ni kama amewawekea sumu. Nikamweleza hivyo mume wangu, akanijibu, "Chinja. Nitakula, na Jumamosi nitaungama." Mtu anayesalisha wenzake anapanga dhambi kama anavyopanga zamu za reli! Nimekasirika mpaka rozari nasali kwa haraka.

Binti yangu amekonda. Juzi tulikuwa tunachambua choroko, akasema, "Mama, kila mtu hapa anazungumza habari ya kuku. Mimi hakuna aliyeniuliza."

Nikamwambia, "Haya, nakuuliza."

"Nataka kuolewa, mama. Kwa kuku au kwa mchicha."

Ndugu zangu, hasa ninyi mliopokea wakwe wa dhehebu jingine, nishikeni mkono. Nichinje, mume wangu ale mbele yao huku dhamiri inamsuta? Au niweke tena mabakuli yangu, na safari hii niseme mbele ya wote mimi mwenyewe, mwanamke, kwa nini hatuli nyama, hata kama mzee atanyanyuka na bahati ya mwanangu iondoke naye? Nijibuni kabla mtama haujaingia ghalani. Jogoo nimeshamtenga. Namlisha kila asubuhi, na kila asubuhi namkasirikia.